Mama Erik na Wenzake wa Kwenye Bahasha

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilipewa ndoo na tambara nikaambiwa nipige deki sakafu ya studio mpaka mteja aweze kujiona. Nilinuna, maana nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la Idi nikidhani kupiga picha ni kazi ya kusimama na kubonyeza. Hiyo ilikuwa Taveta, mpakani, ambako marehemu baba yangu, mtu wa Vanga kule pwani, alikuwa akiuza leso na vitenge. Mwenye studio tulimwita Mzee wa Studio, na mpaka leo sijui kama alikuwa na jina jingine.

Haya ninayasema kwa mdomo. Anayeandika ni binti yangu Rehema, muuguzi, mezani kwake hapa Maple Grove, Amerika, na akipunguza neno langu hata moja nitajua. Mwenyewe siwezi kuandika kwa sababu macho yangu yameharibika katikati. Nikikutazama naona mabega yako, naona viatu vyako, naona na kikombe ulichoshika, lakini pale uso wako ulipo pana ukungu. Daktari wa macho alinieleza taratibu, kijana mpole, kwamba ukungu huo hauondoki, unakua. Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari la Rehema nikalia, sioni haya kusema.

Lakini sikulilia macho tu. Nina makasha ya picha, kazi ya umri wangu wote ya kuwapiga watu wa miji midogo na mashambani. Karibu picha zote hizo hazina majina ambayo mtu mwingine anaweza kuyaelewa. Wenye nyuso zile nawajua mimi. Ukungu ukizifunika zote kabla sijasema nani ni nani, basi watu wale watakuwa picha za watu tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka huu, na ndilo nitakalolieleza, ila kwanza lazima mjue kazi yenyewe ilikuwaje.

Siku ile ya kwanza, sakafu ilipokauka, aliingia mama muuza ndizi aliyependeza kweli, kilemba kipya na viatu vipya. Mzee wa Studio akaniita nitazame kwenye kioo cha kamera.

"Unaona nini?"

"Namwona mama, mzee."

"Viatu vyake viko wapi?"

"Vimebaki nje ya picha."

"Ebo! Amevinunua ili vibaki nje?"

Akanisukuma kando, akairudisha nyuma stendi ya miguu mitatu mpaka mama wa watu akaingia mzima, kilemba mpaka kiatu. Ninyi wa siku hizi mnaojipiga kwa simu mpaka mtu anaonekana pua tupu, sikilizeni. Wakati wetu picha ilikuwa ya namna mbili. Picha nzima ilikuwa ya mtu aliye hai na anayejiheshimu. Picha nusu, ya kifuani kwenda juu, ilikuwa ya kitambulisho, au ya tangazo la msiba. Ukimpiga mteja nusu bila kumwambia angekutolea macho akuulize, "Kwani mimi nimekufa?" Na hela yake angetaka arudishiwe.

Baada ya deki nilihamishiwa chumba cha giza. Siku hizi mtu akisema anasafisha picha anadhaniwa anapangusa vumbi, lakini sisi kusafisha kulikuwa ndiko kuitoa picha kwenye filamu. Unaiingiza karatasi kwenye trei ya dawa ya kwanza chini ya taa nyekundu, unaitikisa polepole, na mtu anaanza kutokea kutoka kwenye weupe, nywele kwanza, halafu macho. Dawa ya pili inaikazia isizidi kuwa nyeusi. Kisha maji mengi, kisha kamba na vibanio. Nimelifanya jambo hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulizoea. Kila uso ulipotokea, mimi nilitabasamu peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Filamu ikishakauka iliwekwa kwenye bahasha, na juu ya bahasha pakaandikwa ni ya nani. Hapo ndipo nilipopata karipio langu la pili. Niliandika Agnes, Joseph, Agnes tena, kama nilivyofundishwa shule. Mzee akazimwaga bahasha zote juu ya meza.

"Taveta kuna Agnes wangapi?"

"Wengi, mzee."

"Na Mama Mghoi wapo wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa mbona unanipotezea wateja? Andika mtu anavyoitwa."

Nikaandika Mama Mghoi, Baba Mwakio, Shemeji wa Fundi Baiskeli, Yule wa Redio Kubwa. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kumuuliza mtu jina lake la cheti. Nilimuuliza, "Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?" na mtu alifurahi kuulizwa. Asiye na mtoto nilimwandika kwa kazi yake, au kwa kofia yake. Ndivyo watu wetu wanavyojuana, na sikuona wala sioni aibu yoyote ndani yake.

Kutoka studio nilichukuliwa na Bwana Ofisa Habari wa wilaya. Huyo alikuwa mtu wa suti ya kaunda na kalamu tatu mfukoni, na kazi yangu ilikuwa kupiga mikutano ya hadhara na maonyesho ya kilimo. Shida yetu ilikuwa moja. Yeye alitaka wakubwa, mimi jicho langu lilikuwa likiwakimbilia waliokaa chini: bibi aliyevua viatu akapumzisha miguu, wazee wanaogawana kipande cha muwa, mama anayenyonyesha huku akipiga makofi. Siku moja aliniita ofisini na picha za mkutano mkubwa mkononi.

"Bakari, umenipigia wanakijiji watupu. Mgeni rasmi yuko wapi?"

"Yumo, bwana. Pale nyuma, karibu na mbuzi."

Alinikaripia vizuri sana, kwa Kiingereza, ili niumie zaidi. Halafu nilipofika mlangoni akaniita tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile ya mbuzi ninaweza kumsafishia nakala aipeleke kwa mama yake. Nilimsafishia mbili.

Tulikuja Amerika kwa sababu ya Mama Rehema, mke wangu, ambaye alicheza bahati nasibu ya grinikadi, kile kibali cha kuishi huku, bila kuniambia akashinda. Rehema alikuwa amemaliza darasa la pili. Tulifikia Frogtown, kule Saint Paul, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la mshona nguo kwenye University Avenue. Kamera niliiweka kabatini, maana hapa kila mtu alikuwa nayo na hakuna aliyenihitaji. Nikaenda Shakopee ghalani, kufungasha makasha na wenzangu Wasomali na Wakenya. Si kazi ya kudharau, imelea nyumba nyingi za watu wetu, lakini mimi ilinikausha. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya televisheni, mke wangu akinisemesha siitiki.

Jumamosi moja Mama Rehema alifungua kabati, akaitoa kamera, akaniwekea mapajani.

"Baba Rehema, toka."

"Niende wapi?"

"Popote penye watu na ng'ombe. Hapa ndani unaninyima hewa."

Nikatoka, nusu kwa hasira. Niliendesha gari kwenda magharibi mpaka nyumba za mji zikaisha, mashamba yakaanza, na kwa mbali nikauona mnara wa ghala la nafaka umesimama peke yake. Chini yake palikuwa na mji wa barabara moja: duka la vifaa, kanisa, mkahawa, ofisi ya gazeti. Mwanamume aliyepita kwenye pikapu aliniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kunisalimu, mimi nisiyejulikana. Wallahi nilijihisi nimefika Taveta, ila Taveta iliyomwagiwa theluji. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata.

Aliyenigundua ni Mama Mhariri, mwenye gazeti la kila wiki la mji ule. Mama mrefu, mkavu wa maneno, mwenye penseli sikioni. Alinikuta kwenye mnada wa trekta nimepiga goti kwenye matope.

"Unapiga kwa ajili ya gazeti gani?" akaniuliza.

"Sina gazeti."

"Kwa ajili ya nani basi?"

"Kwa ajili yao," nikamwambia, nikiwaonyesha wakulima.

Alinitazama, akasema nimletee nilizonazo. Nilimletea kasha zima. Alizitazama moja moja, nami nilijua akizirudisha nitakuwa mtu wa ghalani mpaka nife. Alipofika ya mwisho akasema, "Si mbaya sana." Nikavunjika moyo, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Lo! Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kwa watu wale hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Nilianza kazi Jumatatu.

Wakulima walishindwa na jina langu wakaniita Bekari, kama pahali pa kuoka mikate, na wengine waliniuliza kweli kama nauza maandazi. Lakini tulielewana upesi kuliko nilivyoelewana na watu wa jijini. Mtu wa jijini akiona kamera anatoa meno yote. Wale nikiwaambia watulie, walitulia kana kwamba wamengojea ruhusa hiyo tangu utotoni. Mkulima alivua kofia, na pale ilipokuwa imekaa paji la uso lilikuwa jeupe pee, chini yake uso mwekundu wa jua. Alisimama mzima, mikono pembeni, kama Mzee wa Studio mwenyewe ndiye aliyemsimamisha.

Walinilisha pia. Kila msimu wa baridi kanisani kwao palikuwa na karamu ya samaki aliyelowekwa kwenye magadi mpaka akawa kama rojo, chakula walicholetewa na babu zao kutoka ng'ambo. Mimi mtoto wa Vanga nilimtazama samaki yule nikamsikitikia. Nilikula. Mama Rehema, niliyemchukua mwaka mmoja, alikula kijiko kimoja akaniambia kwa Kiswahili, huku akiwatabasamia wenyeji, "Baba Rehema, huyu amekufa mara mbili." Na wakati wa kuaga, kama kwetu, tuliaga mezani, tukaaga mlangoni, tukaaga tena kwenye gari na injini inanguruma.

Ugomvi wangu na Mama Mhariri ulikuwa wa sakafu.

"Bakari, kwa nini kila picha yako ina sakafu nyingi hivi?"

"Si sakafu, mama. Ni mahali pa kuwekea miguu."

"Msomaji wangu anataka uso."

"Uso bila miguu ni tangazo la msiba."

Alicheka mpaka penseli ikaanguka. Tukakubaliana kwamba yeye atakata atakavyo gazetini, lakini picha nzima itabaki kwangu, kwenye bahasha yake. Hata tulipoanza kutumia kamera za kidijitali na dawa zikamwagwa, kila wiki nilitoa nakala moja ya kila mtu, nzima, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina kwa kalamu ya risasi. Na jina niliandika vilevile nilivyofundishwa: Baba Karen. Mama Keki ya Tufaha. Mzee Kofia ya Mbegu, ile waliyogawa wauza mbegu. Yule Anayenuna.

Nakumbuka siku nilipompiga mama mmoja kwenye banda lake la kukamulia. Ng'ombe walikuwa wamepangwa mistari miwili, mashine zinavuta, na yeye katikati na buti za mpira zilizokatwa shingo, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mweusi. Nilipomaliza nilimuuliza swali langu la siku zote, mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Alifuta mikono kwa aproni, akaitazama ile kamera, akasema, "Erik." Nikaandika Mama Erik, nikaenda zangu.

Miaka ikaenda hivyo, vijana wangu, na ilikuwa miaka mizuri. Niliwaona ng'ombe wakiuzwa zizi baada ya zizi, shule ikiunganishwa na ya mji jirani, mkahawa ukibadilisha mmiliki. Gazeti nalo likapungua kurasa, likaja kufungwa. Siku ya mwisho Mama Mhariri alizima taa, akanipa mkono, akasema mimi nilikuwa si mbaya sana. Tulilia wote wawili, yeye kwa machozi mawili tu, maana ndivyo walivyo. Nikastaafu, nikahamia kwa Rehema, na muda si mrefu ukungu ukaanza.

Mji ule una nyumba ndogo ya kumbukumbu, yenye vyombo vya kale na picha za waanzilishi. Mtunzaji wake, bibi mmoja nadhifu aliyekuwa mwalimu, aliposikia nimestaafu akaomba makasha yangu yote. Nilifurahi kupita kiasi. Tukampelekea, Rehema akiendesha, Mama Rehema nyuma na chupa ya chai. Mtunzaji akafungua kasha la kwanza, akaanza kusoma bahasha.

"Mama Karen," akasoma. "Huyu ni nani?"

"Ni mama yake Karen."

"Karen yupi? Hapa kila nyumba ina Karen."

Kwa kweli sikuwahi kulifikiria hilo. Akasoma nyingine, Rehema akamfasiria: Yule Anayenuna. Mtunzaji akaangalia nje dirishani, akasema kwa upole kwamba hiyo inaweza kuwa wilaya nzima. Halafu akanieleza sharti lao. Picha yenye jina kamili la mtu itaingia ukumbini na kwenye orodha ya kompyuta, mjukuu akitafuta jina la babu yake ampate. Picha isiyo na jina itahifadhiwa chini, kwenye chumba cha stoo.

"Na huko chini nani anashuka?" nikamuuliza.

"Fundi wa bomba," akasema. Hakuwa na ubaya, alisema kweli.

Njiani kurudi Rehema alinijia juu. "Baba, miaka yote hiyo hukuuliza mtu jina?"

"Niliuliza."

"Uliuliza jina la mtoto! These people have names, Baba."

"Nawajua wote kwa sura."

Sote tulijua sura ndizo zinazoniponyoka. Mama Rehema akatugawia chai.

Basi tukaanza kazi. Jumamosi ambazo Rehema hakuwa na shifti alinipeleka mkahawani, tukaketi meza ya wazee wanaokunywa kahawa nyepesi kama maji ya kunawia. Rehema alikuwa anatoa bahasha, anasoma, mimi nasogeza picha pembeni mwa jicho ambako bado pana mwanga. Uso sikuupata, lakini viatu nilivipata, na mkao, na namna mkono ulivyoshika uzio. Nikasema, "Huyu ni yule aliyekuwa na ngazi iliyovunjika, ndugu yake aliuza asali." Meza nzima ikapiga kelele, "Lloyd!" Rehema akaandika jina kamili. Wakati mwingine walibishana nusu saa kama ni Lloyd au binamu yake. Walicheka sana kujua majina yao ya bahasha. Yule Anayenuna alikuwa ameketi pale pale nasi, na alipofasiriwa hakucheka, na hapo kila mtu akasadiki kwamba ni yeye.

Asubuhi moja aliletwa mama mzee kwenye kiti cha magurudumu. Rehema akaninong'oneza kwamba picha aliyoitoa ni ya buti zilizokatwa shingo, na mama huyu anaiangalia.

"Bahasha yake imeandikwa nini?" mama akauliza.

"Mama Erik," Rehema akasoma, akamfasiria.

Nilisikia vijiko vikiwekwa chini. Mzee mmoja jirani yangu akaniambia sikioni kwamba Erik alikufa kwa ajali ya trekta, kijana mdogo, kabla mimi sijafika mji ule, na kwamba kwa heshima hakuna mtu aliyetaja jina lake mbele ya mama yake tangu mazishi. Nikaanza kumwomba radhi.

"Hapana," akasema. "Wewe uliniuliza mtoto wangu anaitwa nani. Hakuna aliyeniuliza tangu azikwe. Nilirudi ndani nikamwambia mume wangu, kuna mtu ameniuliza." Alipumua. "Na hizi siku zote nimekuwa mama yake huko kwenye kasha lako?"

"Siku zote."

"Basi andikeni jina langu, kwa kuwa wanalitaka. Lakini hilo msilifute."

Rehema akayaandika yote mawili. Mtunzaji, tulipompelekea habari, hakubisha hata kidogo. Akaamua kila picha itakuwa na majina mawili, la kwenye cheti na la kwenye bahasha, kwa Kiswahili changu, na tafsiri chini yake. Ukienda leo utamkuta Mama Keki ya Tufaha ukutani, na keki yake.

Vijana mnaotaka kazi hii, mniwie radhi kwa kuwashauri bila kuombwa. Kamera yoyote itafaa. Rudini mahali pamoja mara nyingi mpaka mbwa waache kubweka. Mpeni mtu picha yake kabla hamjampa mtu mwingine. Waulizeni majina mtakavyo, ila mkiuliza msikilize jibu, maana mimi nilijibiwa jambo kubwa bandani nikadhani nimejibiwa jina tu. Nimeipenda kazi yangu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, na ingawa macho yanakwenda simlaumu yeyote. Nyuso nilizopewa zilikuwa nyingi kuliko fungu la mtu mmoja.

Jana Rehema alinisomea bahasha za mwisho, hapa hapa mezani. Mama yake alikuwa jikoni akikaanga samaki, na nyumba nzima imejaa harufu. Zilibaki tatu, zikabaki mbili. Ya mwisho aliifungua akaiinamia.

"Mwanamke amesimama kwenye maonyesho ya wilaya," akasema. "Amejitanda leso. Ameshika ile peremende ya sukari iliyofumuliwa kama pamba, kubwa kuliko kichwa chake. Anakucheka, Baba. Wote wengine hawacheki, huyu anakucheka."

Sikuhitaji kuisogeza pembeni mwa jicho.

"Umeandika Mama Rehema," akasema. "Mtunzaji atataka jina."

"Kwani wewe hulijui jina la mamako?"

"Nalijua kwa sababu ya karatasi za kazini kwake na pasipoti. Wewe sijawahi kukusikia ukilisema. Hata mara moja."

Nikataka kubisha, nikatafuta siku moja ya kumtajia, nikaikosa. Tangu azaliwe Rehema, mke wangu nimemwita kwa jina la mtoto, kwa heshima na kwa mapenzi, na sikujua kwamba jina lake mwenyewe limekaa ndani ya mdomo wangu bila kutoka kwa muda wote huo. Niliona aibu kama kijana anayekwenda kuposa. Rehema akashika kalamu akaningoja.

"Mwanakombo," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Lakini jikoni mwiko ukagonga ukingo wa sufuria, na sauti ikaitika upesi, nyororo, vile wasichana wa Vanga walivyofunzwa kuitika wanapoitwa na mtu wanayemheshimu:

"Abee!"

Kisha nyayo zake. Alisimama mlangoni, nikaona leso, nikaona mikono yenye unga, na juu yake ukungu.

"Nani aliyeniita?" akauliza.

"Ni mimi, Mwanakombo," nikasema.